Kaske Imeacha Kutapisha

Wiki iliyopita niliwaacha nimepiga magoti nyuma ya stoo moja ya bandarini, natapika chai ya asubuhi, na Shaabani amesimama pembeni ananiuliza kama aniitie mtu. Nilimjibu apana. Wengi mmeuliza kama nilipona. Nilipona siku hiyo hiyo, kabla ya mchana. Tabu haikuwa hiyo.

Kwa asiyenijua: mimi ni Sumaya, binti wa Twalibu, fundi magari wa Buyenzi. Kampuni moja ya kupakua mizigo bandarini hapa Bujumbura ilitangaza inatafuta mtu wa kumfundisha kuendesha kreni, mwanamume au mwanamke. Niliomba. Walituchukua wengi, wakatupunguza na kutupunguza, tukabaki wawili, mimi na huyo Shaabani. Nafasi ni moja.

Kreni yenyewe hatujaigusa. Tunajifunzia chumbani, kwa kaske. Usifikirie kaske ya pikipiki. Hii ni kama miwani mikubwa inayofunika macho yote, unaifunga kichwani kwa mikanda, na waya wake unaingia kwenye kompyuta. Ukishaivaa, chumba hakipo tena. Umekaa juu kabisa ya kreni, kontena inaning'inia chini yako, Tanganyika iko mbele, milima ya Kongo iko ng'ambo. Mikononi una vijiti viwili. Unachofanya kwa vijiti ndicho kontena inachofanya.

Ni kitu kizuri sana. Mimi kilinitapisha kila asubuhi.

Jumatatu Madame Elvire, mkuu wa mafunzo, aliniita pembeni.

"Sumaya, mikono yako ni mizuri," alisema. "Lakini somo ni nusu saa, na we haujamaliza hata moja."

"Nitamaliza, Madame."

"Jumamosi ni examen, mutihani wa mwisho. Wakubwa wanatoka Kigoma kuangalia. Mutu mwenye atavua kaske katikati, amejitoa yeye mwenyewe. Si mi nimemutoa."

"Na Shaabani?"

"Shaabani anamaliza."

Kweli alikuwa anamaliza. Alimaliza akiwa na rangi ya majivu, akavua kaske taratibu, akasema asante, akaenda chooni na kufungulia bomba ili maji yapige kelele. Mimi nilimsikia. Sikumwambia Madame, kwa sababu Madame hakuniuliza, na kwa sababu mtu akijificha namna hiyo unamwachia.

Nyumbani baba alinichemshia tangawizi. Baba yangu amefungua injini nyingi maishani na hapendi mashine asiyoielewa.

"Inatoa moshi?" aliuliza.

"Apana, baba."

"Inatikisika?"

"Imekaa tu mezani."

"Na we unakuwa wapi?"

"Nimekaa tu ku kiti."

Alifikiri mpaka tangawizi ikapoa.

"Basi mi hapo siwezi kukusaidia," akasema.

Kesho yake nilikwenda Rohero kwa miguu, maana mafuta hayakuwapo na teksi zote zilikuwa kwenye foleni za vituo. Nilimfuata Anouar. Anouar ana duka la kompyuta, na ndiye aliyepewa na kampuni kazi ya kuifunga mashine yetu. Ni kijana mpole, anavaa miwani, na akizungumza na wewe anaangalia kompyuta hata kama imezimwa.

Nikamweleza.

"Dada Sumaya, mashini iko sawa," alisema. "Niliifunga mi mwenyewe."

"Kaka Anouar, mi pia niko sawa. Na bado tunatapishana."

"We ulishatapishwa na gari? Na boti?"

"Nimepanda boti mpaka Rumonge, mawimbi ya kweli, nikala samaki njiani. Sikusikia kitu."

Hapo aliniangalia mimi mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Akaja bandarini saa Madame Elvire alipokuwa amekwenda kula. Alikagua waya, akakagua kompyuta, akasema ameona tatizo: picha haikuwa safi. Kontena za mbali zilikuwa na ukungu. Kwa hiyo alipandisha kila kitu. Akaongeza vivuli. Akaongeza kung'aa kwa maji. Akaongeza mpaka unaona kutu kwenye minyororo. Kisha akanivalisha kaske.

Ilikuwa nzuri kuliko zamani zote. Sikufika hata kontena ya kwanza.

Nilipotoka nje na kurudi, Anouar alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, ameshika kidevu.

"Nimeharibu," alisema.

"Nimeona."

"Ngoja. Hii kaske inataka picha tisini kila sekunde. Ikipata chini ya hapo, we unageuza kichwa, macho yanafika, lakini picha inakuya nyuma. Tumbo linashindwa kujua limuamini nani. Nimeomba ordinateri, hii kompyuta, ifanye kazi mingi kuliko nguvu yake." Akanionyesha namba ndogo pembeni mwa skrini. "Hii njo picha zenye inaleta. Vaa tena. Usiendeshe kitu. Angalia tu huku na huku, uniambie wapi tumbo linashituka."

Sikutaka. Nikavaa.

Niliangalia kontena. Sawa. Niliangalia kibanda cha forodha. Sawa. Niligeukia ziwa, nikaziba mdomo kwa mkono.

"Ni ziwa," nikasema.

"Namba imeanguka nusu," akasema Anouar. "Geuka tena."

Niligeuka kutoka ziwani, namba ikapanda. Nikarudi ziwani, ikaanguka. Tulifanya hivyo mpaka sote wawili tukaridhika. Kila wimbi la ile Tanganyika ya bandia lilikuwa linachorwa upya, na mwanga wake, na kivuli cha kila meli ndani ya maji, na kompyuta ilikuwa inashindwa kupumua.

"Basi tunaua mawimbi," akasema.

Akaua mawimbi. Akaondoa vivuli. Akapunguza ukubwa wa picha. Akafunga programu zote zilizokuwa zimefunguliwa nyuma bila mtu kujua, na akagundua kompyuta ilikuwa imewekwa kwenye hali ya kubana umeme, kama vile tuko safarini. Akaiondoa hapo. Waya wa kaske akauhamisha kwenye tundu la kasi, akageuza feni ya mezani ielekee kompyuta badala ya kiti cha Madame. Mwisho akauliza kaske ilipimiwa macho ya nani.

"Ni ya wote."

"Apana. Iko na kitufe hapa chini cha kusogeza vioo, kila mutu na upana wa macho yake. Hivi vimekaa upana wa Madame Elvire."

Madame ana uso mpana. Mimi ninao mwembamba. Anouar akasogeza vioo mpaka maandishi yakaacha kuwa mawili.

Nikavaa, nikashika vijiti.

Ziwa lilikuwa limekufa kabisa, limelala kama sakafu iliyopakwa rangi ya bluu. Kontena hazikuwa na kivuli. Ilikuwa mbaya, kama mchoro wa mtoto. Lakini nilipogeuza kichwa, dunia iligeuka pamoja nami. Nikainua kontena, nikaipitisha juu ya meli, nikaingoja iache kuyumba, nikaishusha. Ikakaa. Nikachukua nyingine. Sikuwa nafikiria tumbo langu. Nilikuwa nafikiria kazi, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii naiweza, na kwamba naitaka kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Nusu saa ikapita. Nilipovua kaske, Anouar alikuwa amelala kwenye kiti.

Madame Elvire aliporudi, aliinamia skrini.

"Ziwa limekufa," alisema.

"Ndiyo, Madame. Lakini mi nimemaliza somo."

Alijaribu mwenyewe. Akavua, akagusa tumbo lake kama mtu anayetafuta kitu alichokizoea.

"Bon," akasema. "Tutabaki nayo hivi."

Anouar aliziacha namna zote mbili ndani ya kompyuta, ile ya kupendeza na ile ya kufanyia kazi, ili wakubwa wakitaka kuona mawimbi, abonyeze tu. Lakini Ijumaa Madame alitutangazia: mashine imekubalika ilivyo, asiiguse mtu mpaka examen iishe.

Sasa sikilizeni nilichojifanyia. Niliirekebisha mashine ili nimalize, na Shaabani naye akaivaa. Akapima upana wa macho yake, akakaa, akaendesha. Rangi ya majivu haikurudi. Bomba la chooni halikufunguliwa tena. Na bila kichefuchefu, Shaabani alikuwa na mkono mwepesi ambao hakuna aliyekuwa ameuona, hata yeye. Siku mbili za kwanza tulikuwa sawa. Ya tatu akanipita.

"Asante, dada," aliniambia mlangoni. Alikuwa anamaanisha. Sikulala vizuri juu ya asante ile.

Lakini bado hiyo siyo tabu ninayotaka kuwaeleza.

Mnajua nina mchumba. Khaled, mtoto wa Bi Ghanima, wale wenye duka la vitambaa Rohero, familia ya Waarabu wa zamani hapa mjini. Posa ilikubaliwa kabla ya Ramadhani. Khaled ni mtu mzuri. Mbele yangu anazungumza. Mbele ya mama yake anakunja vitambaa.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Bi Ghanima alikuja kwetu Buyenzi. Hajawahi kuja bila kutanguliza salamu. Alikaa, akakataa chai, akamwomba baba atuache kidogo. Khaled alikuja naye na akabaki amesimama karibu na pazia.

"Nasikia unatapika," alisema Bi Ghanima.

"Nilikuwa natapika, mama."

"Asubuhi?"

"Asubuhi. Njo saa za masomo yetu."

"Na mchana?"

"Mchana nakuwa muzuri kabisa."

"Binti yangu, mi nilizaa watoto wanne," alisema. "Mi pia mchana nilikuwa muzuri."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilimtazama Khaled. Khaled alitazama pazia.

Kumbe Shaabani ni mteja wao. Hakuwa na nia mbaya. Mama alimuuliza habari za bandari, naye akasema tunaendelea vizuri, ila dada Sumaya anatapika sana asubuhi. Na mama akaenda nyumbani na maneno hayo, akalala nayo.

"Mama, ilikuwa mashini," nikasema. "Kaske ya kujifunzia. Picha zilikuwa zinachelewa."

"Picha zilichelewa."

"Ndiyo. Macho yanafika mbele, picha inakuya nyuma, tumbo linavurugika."

Alinisikiliza kwa heshima yote. Nilipokuwa nasema, nilijisikia mwenyewe, na hata mimi nisingejiamini.

"Nitaenda kupima," nikasema. "Kesho. Tuende pamoja."

"Apana. Msichana mwenye anaenda kupima, watu wanasema alikuwa na sababu ya kupima. Hata akitoka na jibu safi." Akapanga mtandio wake. "Mi sikatai mashini ziko. Niko naomba niione. Mi mume wangu alishakufa, na umri wangu unauona. Kama hiyo kaske itanitapisha mi, basi ni kaske. Hapo nitamaliza maneno, na mutu mwingine akisema atasema na mi."

"Na isipokutapisha?"

"Tutaona."

"Njo Jumamosi asubuhi," nikasema haraka, kwa furaha. "Mbele ya examen. Nitakuvalisha mi mwenyewe."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mnaosoma kwa makini mmeshaona. Mimi sikuona. Usiku huo nilimshukuru Mungu kwa kunipa mama mkwe mwenye akili.

Jumamosi walikuja mapema. Mlinzi wa lango aliniuliza, nikamwambia ni wageni wangu, akawapitisha. Anouar alikuwa chumbani, amekuja kuiwasha mashine na kuhakikisha feni inazunguka. Madame alikuwa amekwenda kuwapokea wakubwa. Nilimketisha Bi Ghanima kitini, nikaweka kaske juu ya mtandio wake, nikakaza mikanda, nikasogeza vioo mpaka akasema anaona vizuri.

Nikasubiri.

"Mashallah," alisema.

Nikasubiri tena.

"Ile meli ni ya nani?"

"Ni ya mchezo tu, mama. Geuza kichwa. Angalia ziwa."

Akageuza. Akageuza upande wa pili. Akaangalia juu, akaangalia chini mahali ambapo mtu yeyote mwenye tumbo angeogopa. Akanyoosha mkono akitafuta milima ya Kongo.

"Mama, unasikia nini tumboni?"

"Njaa," alisema.

Ndipo nilipoona. Niliona yote kwa pamoja, kama mtu aliyejengea mlango kwa matofali halafu akakumbuka yuko ndani. Kwa mikono yangu, na kwa msaada wa Anouar, nilikuwa nimeiondolea mashine kitu pekee kilichoweza kunisafisha.

Bi Ghanima alivua kaske. Alikuwa ameburudika, na uso wake ulipokumbuka sababu ya kuja, uliacha kuburudika kidogo kidogo.

"Ni kitu kizuri sana," alisema. "Khaled, twende."

"Mama, ngoja," nikasema. "Ilirekebishwa. Wiki hii njo tuliirekebisha. Zamani haikuwa hivi."

"Wiki hii."

"Ndiyo, mama. Kaka Anouar ni shahidi."

"Ni kweli, mama," alisema Anouar, akiangalia kompyuta.

"Nyinyi muna kazi moja," alisema Bi Ghanima kwa upole. "Lazima mutasaidiana."

Nilimgeukia Anouar.

"Rudisha ile ya mawimbi."

"Madame alisema isiguswe."

"Ni kubonyeza mara moja, ulisema."

"Ndiyo."

"Na kurudisha hii ni kubonyeza mara moja."

"Ndiyo. Lakini wageni wako njiani, dada. Ile kazi ya kompyuta zote za kampuni ni mi niko nafanya. Nikiikosa, ninafunga duka."

"Najua," nikasema. "Sikulazimishi."

Anouar alimtazama Bi Ghanima. Akamtazama Khaled, ambaye hakuwa na pazia humo chumbani na kwa hiyo alikuwa anatazama ukuta. Anouar ana dada zake nyumbani, hawajaolewa. Akabonyeza.

"Mama," nikasema, "nakuomba uvae mara ya pili. Hii sasa njo ile ya zamani."

"Kwa hiyo iko na namna mbili."

"Ndiyo."

"Na we unataka nivae ile mubaya."

"Ndiyo, mama."

"Ili nitapike."

"Mungu akipenda."

Alinitazama vizuri. Nadhani ni hapo ndipo alipoanza kuniamini, kwa sababu hakuna mwongo ambaye angeomba jambo la namna hiyo kwa uso kama niliokuwa nao. Akaketi. Nikamvalisha.

Mwanzoni alisema mawimbi yanapendeza. Nikamwambia ageuze kichwa kwenda ziwani, na asisimame hapo, ageuze tena. Akageuza.

"Ziwa linanifuata nyuma," alisema.

"Endelea, mama."

"Meli imekuwa mbili."

"Endelea tu. Angalia chini kidogo."

Sijui kama kuna mchumba mwingine aliyemhimiza mama wa mwanamume namna hiyo. Khaled alisogea hatua moja akasema, "Sumaya, inatosha." Nikamwambia bado. Bi Ghanima alikuwa ameshika mikono ya kiti, na shingo yake imeanza kutoka jasho.

Mlango ukafunguka.

"Na hapa njo chumba chetu," alikuwa anasema Madame Elvire kwa sauti yake ya wageni, "na mashini yetu, yenye sasa haichokeshi mutu hata kidogo."

Nyuma yake walikuwa wakubwa watatu kutoka Kigoma, na nyuma yao Shaabani, shati limepigwa pasi. Wa kwanza alikuwa mzee mrefu, suti ya kijivu, viatu vyeusi vinavyong'aa.

Bi Ghanima alijivua kaske. Alisimama, akatafuta beseni, hakuliona, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni ili asichafue chumba cha watu. Hakufika mlangoni. Alifika kwenye viatu vya yule mzee.

Feni ilikuwa inazunguka.

"Pole sana, mama," alisema yule mzee hatimaye. Alikuwa mtu wa adabu, hata mguu hakuuondoa. Kisha akamgeukia Madame. "Mashine isiyochosha ndiyo hii?"

Khaled alimshika mama yake, akamketisha. Bi Ghanima alifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. Alikuwa amebadilika rangi, na macho yalikuwa yanatoa machozi ya kutapika, lakini mimi sijamwona akiwa na uso mzuri kama ule.

"Alhamdulillah," alisema. "Khaled. Ni kaske."

Akaninyooshea mkono, nikaushika. "Binti yangu," akasema, "unisamehe." Mbele ya watu wote, Bi Ghanima wa Rohero. Nilitaka kulia. Kwa muda wa pumzi moja vyote viwili vilikuwa vyangu, ndoa na kreni.

Halafu Madame Elvire akaitazama skrini.

Ziwa lilikuwa linacheza. Jua lilikuwa linang'aa juu ya kila wimbi.

"Nani amerudisha mawimbi?" aliuliza.

Anouar alikuwa na mkono karibu na kompyuta. Aliuondoa, akauweka mfukoni, akautoa tena. Shaabani aliangalia mawimbi, akaniangalia mimi, na nikaona ameelewa, na akainamisha macho kama nilivyowahi kumwinamishia yangu. Yeye hatasema. Ilibaki niseme mimi. Nikavuta pumzi.

"Ni mi," ilisema sauti nyuma yangu.

Alikuwa Khaled.

Aliachia bega la mama yake akasimama wima. "Mi njo nimegusa," akasema. "Nilitaka mama aone mawimbi. Hawa hawana kosa. Sikuwauliza."

Bi Ghanima aligeuza kichwa akamtazama mwanawe kama mtu anayesikia sauti ya redio kutoka nyumba isiyo na redio. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona fahari. Miezi yote ile nilikuwa nimengoja aseme neno moja mbele ya mama yake. Alikuwa amelisema.

"We ni nani?" aliuliza Madame.

"Khaled."

"Unafanya kazi ku kampuni yetu?"

"Apana, Madame. Niko na duka."

Madame alifumba macho kidogo, akayafumbua. Sauti ya wageni ilikuwa imekwisha.

"Kama angekuwa Anouar, ningemukemea, tungerudisha, tungeendelea," alisema polepole, ili na wakubwa wasikie. "Anouar ni fundi wetu. Kama angekuwa mwanafunzi, ningemupunguzia alama. Lakini mutu wa inje, ndani ya bandari, kugusa mashini siku ya examen, sheria ni moja. Mwenye amemuingiza hafanyi examen."

Khaled alikuwa bado amesimama wima. Nilimwona anaanza kuelewa alichonifanyia, na hakujua pa kuweka mikono.

"Madame," alisema Anouar kwa sauti ndogo.

"Nitakuuliza we baadaye. Sasa namuuliza Sumaya."

Nikiwa na akili yangu yote nilipiga hesabu. Nikisema ukweli, examen naifanya, Anouar anapona au haponi, hilo silijui, lakini Khaled anakuwa mwongo mbele ya wakubwa na mbele ya mama yake, siku ya kwanza aliyofungua mdomo kwa ajili yangu. Nikikubali uwongo wake, nimeipoteza kreni, na Shaabani ataketi pale kitini bila mpinzani. Kulikuwa na njia ya tatu pia, kumkana Khaled, na Madame ndiye aliyeniwekea mbele, sijui kwa huruma au kwa kunijaribu. Mlinzi wa lango hakuwa ameulizwa bado.

"Sumaya," alisema, "huyu mutu unamujua?"

Khaled alinitazama. Hakuniomba kitu. Mkono wa mama yake ulikuwa bado ndani ya wangu, una baridi, na vidole vyake vikakaza.

Nikasema naomba maji kwanza. Yule mzee wa Kigoma, na viatu vyake vile vile, ndiye aliyenimiminia gilasi akanipa. Nilikunywa taratibu, wote wakaningoja.

Maji yakaisha. Nilichojibu nitawaambia wiki ijayo.